Mchezaji na Timu Yake

Ukuta aliuandika mwenyewe, na sasa alikuwa amesimama mbele yake asubuhi kweupe, akiusoma kama mtu aliyetumwa kuukagua. Herufi zilikuwa nzuri. Hilo hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya Judica binti Byabato, mchora mabango wa Bilele: herufi zake zilisimama wima, nyeusi juu ya rangi ya njano, na mstari haukupinda hata unywele. Juu kulikuwa na namba kumi na nane, kubwa na nyekundu, ya kuwafukuza watoto. Chini yake, katika nafasi nyembamba iliyobaki kati ya dirisha na mlango, kulikuwa na sentensi moja:

MCHEZAJI HARUHUSIWI KUBASHIRI MECHI YA TIMU YAKE.

Jana yake sokoni alikuwa amesikia kwamba kijana mmoja wa Rubya, Datius, beki wa timu ya Chui, amekamatwa kwa kuibashiria timu yake mwenyewe ushindi katika nusu fainali ya Kombe la Kahawa. Alipoulizwa, alijibu kwamba aliusoma ukuta wa duka la kubashiri la Kashai na ukuta haukumkataza. Wanawake wa sokoni walicheka sana. Judica naye alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, maana ukuta wa duka la Kashai ulikuwa kazi yake.

"Unaitazama kazi yako, Fundi?" aliuliza Protase, dereva wa bodaboda ambaye kijiwe chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. "Itazame vizuri. Miezi mitatu sasa umetunyima raha."

"Nimewanyima nini?"

"Timu zetu! Tangu uandike hayo sijaibeti timu yangu hata siku moja. Nabeti timu za Ureno, ambazo majina yake yananivunja meno. Juzi timu yangu imeshinda mabao manne Dar es Salaam, na mimi nimekaa hapa na mkeka wa Wareno uliochanika."

Mkeka ni jina ambalo wabashiri wamekipa kikaratasi chao chenye orodha ya mechi; ukikosea mechi moja tu, husemwa kwamba umechanika.

"Protase," alisema Judica taratibu, "wewe ni mchezaji wa mpira?"

"Mimi? Na kitambi hiki?"

"Basi sentensi hii haikuhusu."

"Hainihusu vipi? Kamala pale ndani ananiitaje kila ninapoingia? 'Karibu, mchezaji wangu.' Na mkeka wenyewe umeandikwa juu kabisa: 'Namba ya mchezaji.' Mchezaji ni mimi, Fundi. Na timu yangu mji mzima unaijua."

Judica alihisi masikio yakimwaka moto. Maneno aliyoyapunguza alikuwa anayakumbuka yote. Karatasi aliyopewa na kampuni ilisema: Mchezaji wa mpira, kocha au kiongozi haruhusiwi kubashiri mechi ya timu yake, wala mwamuzi mechi anayoichezesha. Nafasi haikutosha, kwa sababu Kamala, msimamizi wa duka, alitaka ile kumi na nane iwe kubwa na tena upande wa pili wa mlango uchorwe mpira. Judica akamwondoa mwamuzi, kisha kiongozi, kisha kocha. Mwisho alibakiwa na maneno mawili yaliyogoma kuenea, "wa mpira", akayaondoa pia. Alijiambia kwamba kila mtu anajua mchezaji ni nani.

Marehemu baba yake, Byabato, aliyeandika nusu ya maduka ya Bukoba enzi zake, hakuwahi kukabidhi kazi bila kile alichokiita usomaji wa kwanza. Kabla hajafunga kopo la rangi, alimsimamisha mpita njia asiyemjua, akamwomba asome kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mpita njia akielewa vingine, Byabato alifuta, hata kama rangi ilikwishakauka. Judica aliifuata desturi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Siku ile ya Februari mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, akafunga kopo, akakunja ngazi, akaenda zake.

"Huyo Datius atafanywa nini?" aliuliza.

"Alhamisi anasimama mbele ya kamati ya nidhamu, Muleba. Wanasema atafungiwa misimu miwili. Kijana hana pa kuficha uso. Wanamwita muuza mechi."

Judica aliingia dukani bila kuaga.

Kamala alikuwa nyuma ya dirisha la vyuma, anahesabu karatasi za mashine. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye tai fupi, na alimpenda Judica kwa sababu mabango yake yalimpa sifa mbele ya wakubwa.

"Dada Judica! Nilitaka kukupigia simu. Kampuni imekubali: maduka yote manne ya Muleba utayaandika wewe."

"Kaka Kamala, ile sentensi pale nje ina kosa. Ni kosa langu. Nimeondoa 'wa mpira'."

Kamala alichungulia kulia na kushoto, ingawa duka lilikuwa tupu. "Nalijua," alisema kwa sauti ya chini. "Nililijua siku nyingi. Mashabiki waliacha kuzibashiri timu zao, nikajiuliza wamepatwa na nini, hadi mmoja akaniuliza hiyo ni sheria gani ya kumkataza mtu timu anayoipenda. Nilicheka mpaka machozi."

"Ulicheka, ukaacha bango?"

"Ningefanyaje? Niwaambie wakubwa kwamba tumeandika upuuzi ukutani miezi mitatu? Sikiliza. Yule kijana amekwisha kukamatwa. Alikuja kuchukua ushindi wake, nikaona sura yake ni ile ya kwenye bango la Kombe la Kahawa. Nilitakiwa kutoa taarifa, nikatoa. Hapo sikukosea."

"Hukukosea. Lakini Alhamisi nitakwenda Muleba kusema."

Upole ulimwisha Kamala usoni. "Ukisema, kampuni itauliza nani aliyeharibu. Na hayo maduka manne uyasahau. Fikiri, dada yangu. Kamati itakwambia kutojua sheria si kinga. Utapoteza kazi, na yeye atafungiwa vilevile."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Judica rohoni, si yale ya maduka. Alijua Kamala alikuwa sahihi kwa upande mmoja: kwenda mbele ya kamati na kusema "sentensi ilikuwa mbaya" hakutoshi. Kila mkosaji angeweza kujificha nyuma ya sentensi mbaya. Ilitakiwa ionekane kwamba kijana yule hasa, kwa akili yake mwenyewe, aliusoma ukuta vibaya na akautii vibaya.

"Nipe orodha ya mikeka yake yote," alisema.

"Hiyo ni siri ya mteja. Anayo yeye mwenyewe, kama hakuitupa."

Jumatano Judica alikuwa Rubya. Aliteremka karibu na hospitali, akauliza, akaelekezwa kwenye kibanja cha Mama Theopista, ambako migomba ilikuwa imefunga njia kiasi kwamba nyumba haikuonekana hadi mtu awe amefika mlangoni. Theopista, mama wa Datius, alikuwa jikoni. Alimpokea mgeni kwa heshima zote, akampa kiti, akamuuliza habari za Bukoba, za watoto, za mvua. Judica alipotaja sababu ya safari yake, heshima zile hazikuondoka, ila zilipoa kama chai.

"Kwa hiyo ni wewe, waitu," alisema, kwa lile neno la adabu la Kihaya, "uliyeandika."

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu amelima kibanja hiki siku tano bila kuinua kichwa. Kanisani Jumapili watu walisogea kwenye benchi. Hata mimi nilimwambia: kama umeiuza Chui, umeniuza mimi." Aligeuka akaita kwa nguvu: "Datius! Njoo uone mwenye ukuta wako!"

Kijana alikuja na jembe begani, mrefu, mabega kama mlango. Alisalimia kwa kuinama. Judica hakumzungusha.

"Uliposoma ukuta wangu, ulielewa nini? Usiniambie unachotaka kuiambia kamati. Niambie ulichoelewa siku ile."

Datius aliutazama udongo kwenye vidole vyake. "Nilielewa kwamba mtu anayebeti haruhusiwi kubeti timu anayoishabikia. Nikadhani wanaogopa tutabeti kwa mapenzi, siyo kwa akili. Nikaona ni sawa. Nikaacha."

"Ukaacha nini?"

"Timu yangu. Ile ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo sikukosa kuiweka kila wiki. Baada ya hapo sijaiweka tena."

"Na Chui je? Chui si timu yako?"

Datius aliinua macho kwa mara ya kwanza, akashangaa kweli. "Chui ni kwetu, mama. Huku hakuna anayesema Chui ni timu yangu. Chui ni kwetu. Timu yangu ni ile ya Dar es Salaam."

Theopista alitikisa kichwa akiwa mlangoni. "Hilo ni kweli. Hata padri husema 'kwetu tumeshinda'."

"Mikeka yako ya zamani iko wapi?" aliuliza Judica.

Kijana alimtazama mama yake. Mama naye alitazama jikoni.

"Nilisema uchafu huo haulali nyumbani mwangu," alisema Theopista hatimaye. "Ninawashia moto."

Judica aliinuka kwenye kiti kama mwenye nusu ya umri wake. Jikoni, kando ya mafiga, palikuwa na boksi la viatu vya mpira. Lilikuwa limejaa siku tano zilizopita. Sasa lilikuwa limebaki robo. Alilibeba hadi uani, akatandika mkeka wa Theopista, mkeka wa kweli wa kukalia, na juu yake akaanza kupanga vikaratasi kwa tarehe, Desemba juu, Mei chini. Datius alipiga magoti kumsaidia. Hata Theopista alikaa, akavaa miwani, akashika kazi ya mwezi wa Januari.

"Mikeka juu ya mkeka," alinong'ona Theopista. "Yesu wangu, watu watasema nimeanza na mimi."

Walipomaliza, vilibaki vikaratasi ishirini na saba. Kumi na moja vilikuwa vya kabla ya ukuta kuandikwa, na katika vyote kumi na moja timu ya Dar es Salaam ilikuwemo. Kumi na sita vilikuwa vya baadaye. Judica alipitisha kidole mstari kwa mstari, mara mbili. Timu ya Dar es Salaam haikuwemo hata katika kimoja. Na kwenye kila kikaratasi, juu kabisa, kulichapwa: Namba ya mchezaji.

"Umeitii sentensi yangu mbovu," alimwambia Datius, "kuliko watu wanavyozitii nzuri. Kesho utavaa shati safi."

Kamati ilikaa katika darasa la shule moja mjini Muleba, wajumbe watano nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Lwakatare, mstaafu, mtu mkavu aliyeandika kila kitu kwa kalamu ya wino na kumrudisha nyuma kila aliyesema ovyo. Kamala alikuwa ameitwa kuwa shahidi, naye alikaa kwenye dawati la mbele. Judica alipoingia na Datius, Kamala alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua na kutazama ubao.

Judica alieleza. Hakuomba huruma wala hakurefusha. Aliweka mezani karatasi ya kampuni yenye sentensi kamili, picha ya ukuta, na vikaratasi ishirini na saba vilivyobandikwa kwenye daftari kwa tarehe. Alisema alipoondoa maneno na kwa nini.

"Umesema 'mchezaji' ina maana mbili," alisema Mwalimu Lwakatare. "Mimi naiona moja. Mchezaji ni yule anayecheza mpira uwanjani."

"Mwalimu, wewe umeisoma ukiwa unajua kesi. Ninaomba isomwe na mtu asiyejua kitu. Baba yangu hakukabidhi ukuta bila msomaji wa kwanza. Mimi sikumtafuta siku ile. Niruhusuni nimtafute leo."

Wajumbe walitazamana. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mwenye sinia la chai na maandazi, anasubiri wakubwa wamalize maneno yao.

"Wewe mama," alisema Mwalimu Lwakatare, "unajua tunazungumza nini hapa?"

"Sijui, mwalimu. Nimeleta chai."

"Weka sinia. Soma hii picha kwa sauti, kisha utueleze inasema nini. Imepigwa kwenye duka la kubashiri."

Mama aliisoma polepole, akigusa kila neno kwa kidole. Kisha akacheka kwa mshangao. "Jamani! Wanakataza mashabiki? Mume wangu akisikia haruhusiwi kuibeti timu yake ataugua. Hicho ndicho anachokula na kulalia."

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mjumbe mmoja alimwaga maji ya glasi yake. Mwalimu Lwakatare hakucheka. Aliandika, akakausha wino, akageukia daftari na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alipofika mwisho alimwita Kamala.

"Bwana Kamala, wewe unakaa na ukuta huu kila siku. Wateja wako waliuelewaje?"

Kamala alisimama. Alirekebisha tai yake, akamtazama Judica, akamtazama Datius, na Judica aliona jinsi jibu la uongo lilivyofika mdomoni mwake na kukaa hapo. Kisha akalimeza.

"Kama alivyoelewa mama wa chai, mwalimu," alisema. "Wengi. Nilijua, nikanyamaza."

"Asante. Kaa." Mwalimu aliondoa miwani. "Datius, simama. Ulipojiandikisha kuichezea Chui, ulitia sahihi fomu. Aya ya saba ya fomu hiyo inasema kwamba mchezaji wa mpira haruhusiwi kubashiri mechi ya mashindano haya. Hapo maneno 'wa mpira' yapo. Uliisoma?"

"Sikuisoma, mwalimu. Nilitia sahihi tu."

"Ungeisoma, ungebashiri?"

"Nisingebashiri."

"Kwa hiyo kosa la ukuta si lako, lakini kosa la fomu ni lako."

"Ndiyo, mwalimu. Hilo ni langu."

Judica alitaka kusema neno, akajizuia. Kijana alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, hakujitetea tena, na neno lolote la kumwongezea lingemshusha.

Wajumbe walitoka nje nusu saa. Waliporudi, Mwalimu Lwakatare alisoma uamuzi akiwa amesimama. Kamati haikuona kwamba mchezaji alikusudia kuharibu mechi, na yeyote atakayemwita muuza mechi atakuwa anasema uongo. Hata hivyo kanuni inabaki kanuni: aliyesaini alipaswa kusoma. Datius asingecheza fainali ya Jumapili wala mechi mbili zitakazofuata. Baada ya hapo angerudi uwanjani. Ushindi wa mkeka ule usilipwe. Na ukuta wa Kashai uandikwe upya kabla ya Jumapili kuisha, kwa sentensi kamili, "bila kupunguzwa hata nukta".

Nje, chini ya baraza, Theopista alimshika Judica mikono yote miwili na kuitikisa, akasema maneno ya Kihaya ya kushukuru, marefu, ambayo hayakuhitaji kujibiwa. Kamala alisubiri pembeni hadi alipomaliza.

"Maduka manne atapewa mtu mwingine," alisema. "Nimeambiwa kwa simu sasa hivi. Na mimi nimetakiwa kuandika maelezo."

"Andika yaliyo kweli," alijibu Judica. "Nitakuja na rangi yangu. Hamtanilipa."

Jumapili baada ya ibada Judica alisimamisha ngazi Kashai. Alikuwa ameikwangua ile kumi na nane kubwa tangu Jumamosi na kuiandika upya, ndogo kidogo, ikasomeka vilevile. Datius alikuja bila kuitwa. Fainali ilikuwa inaanza saa tisa, na redio ya Protase ilikuwa wazi juu ya kiti cha pikipiki.

"Nenda ukasikilize," alimwambia Judica.

"Nasikia kutoka hapa, mama. Nipe uzi nikushikie."

Walivuta uzi wa chaki juu ya dirisha na mlango, wakaupiga, mstari mweupe ukabaki ukutani. Judica aliandika. Mchezaji wa mpira, kocha au kiongozi. Chui walifungwa bao dakika ya kumi na mbili. Datius alisaga meno, uzi haukutetemeka. Haruhusiwi kubashiri mechi ya timu yake. Hapo ukuta uliishia, pembeni kabisa, na maneno manne yalikuwa yamebaki.

"Yaache hayo, Fundi!" alipaza sauti Protase. "Nani atamuuliza mwamuzi?"

Judica aliteremka, akabeba ngazi, akaipeleka upande wa pili wa kona, kwenye ukuta wa uchochoroni, akapiga uzi mwingine usawa uleule, akamalizia: wala mwamuzi mechi anayoichezesha. Kwenye kona akachora mshale mdogo. Redioni Chui walisawazisha, na bodaboda zote zikapiga honi.

Alishuka akiwa na kopo wazi mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani, mgeni, hakuwahi kumwona.

"Samahani, waitu. Nisomee hapa, kisha uniambie umeelewa nini."

Mwanamke alisimama, akageuza shingo kwa uangalifu chini ya mzigo wake, akasoma. Alifika konani, akaufuata mshale, akapotelea uchochoroni. Sauti yake ikasikika ikimalizia. Akarudi.

"Wanaocheza mpira na wanaouongoza wasibeti mpira wao," alisema. "Na refa vilevile. Wengine hawakutajwa."

"Na timu unayoipenda tu?"

"Hiyo haimo." Aliutazama ukuta tena, kisha akamtazama Judica. "Kwa hiyo mimi ninaruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

"Basi sitaki," alisema mwanamke, akaendelea na safari yake.

Judica akafunga kopo.